Miezi ya Maji

Uchovu wa miaka ile sijui niuelezeje kwa mtu ambaye hajawahi kufanya kazi wodi ya uzazi. Uchovu wa mwili naujua, na dawa yake ni kulala. Ninaousema ni ule wa kuona jambo lilelile likiingia kwa mlango uleule, unalipokea kwa mikono ileile, na huna la kulifanyia. Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mkunga katika hospitali ndogo ya misheni huku Kakamega, jina lake nitaliacha, na jambo lenyewe lilikuwa homa ya uzazi.

Mama anajifungua salama, tunampongeza, anaondoka kesho yake na mtoto wake. Siku ya nne au ya tano analetwa kwa baiskeli, amefunikwa blanketi na jua linawaka, meno yanagongana. Au mama ni mzima na mtoto ndiye amechemka, amelegea, titi halitaki. Wengine tuliwaokoa kwa sindano. Wengine walifika wakati sindano haina la kufanya. Miaka hiyo kila kitu mgonjwa alijiletea: glavu, wembe, pamba, beseni, na kama huna ulijifungua bila. Sisi wenyewe tulifua glavu zilizotumika, tukazianika kwenye kamba nyuma ya wodi, zikikauka tukazipaka poda na kuzirudisha kazini. Masista watawa wa misheni walitufundisha hivyo na hatukuona ajabu. Nguo tulishona tukashona tena, na kipande cha sabuni kilichobaki tulikibandika kwenye kipande kingine.

Nina sababu yangu ya kuichukia homa hiyo, na afadhali niiseme. Dada yangu mdogo aliolewa Musanda, kwenye familia ya wakulima wa miwa. Alijifungua mtoto wake wa kwanza kwenye zahanati ya karibu na kwao, akarudi nyumbani siku ya pili. Siku ya sita alianza kutetemeka. Mama mkwe wake, mtu mwema ambaye hadi leo sina kinyongo naye, alidhani ni malaria, akanunua vidonge dukani. Siku ya nane walimtuma mtu kwangu Amalemba, akaambiwa niko zamu, akanifuata hospitalini. Nilikuwa nimevaa aproni, ninamwelekeza mama mwingine namna ya kumnyonyesha mtoto. Nilipofika Musanda, dada yangu alikuwa tayari amefunikwa shuka. Wanasema mganga hajigangi. Mimi hata homa ya wa kwetu sikuiganga.

Kwa hiyo utafiti ulipokuja nilikuwa wa kwanza kujiandikisha. Tuliambiwa ni ushirikiano wa mataifa. Kulikuwa na chuo kikuu cha ng'ambo, kulikuwa na taasisi ya Nairobi, halafu sisi. Ng'ambo walileta mashine, Nairobi ikaleta vibali, sisi tukaleta wanawake. Mkuu wa wageni alikuwa profesa, mama wa makamo mwenye nywele fupi nyeupe, aliyevaa viatu vya mpira mvua isiponyesha na ndara inaponyesha. Mwenzake kutoka Nairobi alikuwa daktari wetu, kijana kunishinda, mpole, mwenye tabia ya kukuuliza swali na kusubiri jibu hadi mwisho. Stoo ya vitabu vya nyimbo iligeuzwa kuwa maabara. Waliweka friji, darubini, na kabati dogo la joto la kuoteshea viini. Kila wiki sampuli nyingine zilifungwa kwenye sanduku la barafu, zikapelekwa Kisumu kupanda ndege, kwa kuwa vipimo vyake vilifanyika ng'ambo tu. Siku ambayo trela la miwa lilipinduka na kufunga barabara, sanduku lilirudi jioni barafu ikiwa imekuwa maji, na profesa alikaa kwenye ngazi ya maabara akavua viatu. Siku hiyo nilimpenda. Niliona na yeye huchoka.

Swali lao lilikuwa rahisi. Kabla ya kila kipimo cha mama aliye na uchungu, tukimsafisha njia ya uzazi kwa maji yenye dawa ya kuua viini, na mtoto akizaliwa tukampangusa kwa dawa hiyohiyo, je, homa zitapungua? Dawa ilikuja kwa chupa kubwa, rangi yake ya waridi. Ili kulijibu swali, miezi ilipangwa kwa zamu. Mwezi mmoja ulikuwa wa dawa, mwezi unaofuata ulikuwa wa maji, yaani maji safi ya moto yaliyopoa na si kitu kingine. Kijana wa pikipiki aliwafuata akina mama majumbani kwao kwa mwezi mzima, akiuliza na kupima joto, mama na mtoto. Baada ya miaka miwili wangelinganisha miezi ya dawa na miezi ya maji. Dawa ikishinda, wizara ilikuwa imekubali kuiweka katika kila wodi ya uzazi ya mkoa, bure, na wageni wangesaidia kuanza. Hilo ndilo nililolitaka. Mengine yote, vyeti na marupurupu na fulana zenye maandishi, sikuyajali sana. Nilitaka dawa ile ibaki.

Tulifanyiwa semina ya siku tatu katika hoteli mjini. Profesa mwenyewe alitufafanulia kwa nini dawa iliyobaki mwisho wa mwezi ni lazima imwagwe: ili mwezi wa maji uwe wa maji kweli, la sivyo hakuna cha kulinganisha. Alichora kwenye karatasi kubwa. Niliuliza swali na akanijibu. Naandika hili mapema ili msomaji asije akanionea huruma kwamba sikuelewa. Nilielewa vizuri sana.

Sasa nimlete mtu ambaye bila yeye hakuna kisa. Alikuwa mhudumu wa wodi, mama aliyepita miaka hamsini, wa ukoo wa baba yangu, ndiyo maana nilimwita Senje, kama sisi tunavyomwita shangazi. Yeye alikuwa mtu wa maji. Alipasha, akapooza, akamimina kwenye bakuli zetu, akaosha mabeseni. Wodi nzima ilikwenda kwa sufuria zake. Na katika hospitali ya watu wabahili, yeye alikuwa mkuu wao. Mche wa sabuni aliukata kwa uzi ili usipoteze hata chembe. Obusuma, ugali wetu, uliobaki kwenye sahani za wagonjwa aliukausha kwa ajili ya kuku. Mishumaa iliyokwisha aliiyeyusha akapata mshumaa. Masista walimsifu kanisani kwa jambo hilo, nasi tuliokuwa wadogo tukaambiwa tumwige.

Mwaka wa kwanza ulikuwa unaelekea kwisha, na ulikuwa mwezi wa maji. Asubuhi moja nilikuwa na mama kitandani, mke wa mkata miwa, uzazi wake wa nne. Nilichovya pamba kwenye bakuli, na pamba ikatoka na rangi. Nilidhani ni damu yangu, labda wembe umenikata bila kujua. Nikaitupa, nikachukua nyingine, nikaichovya nikiitazama. Ilikuwa ya waridi, hafifu, kama shati jeupe lililofuliwa pamoja na nguo nyekundu.

Nilimwambia mama apumue, narudi sasa hivi. Senje alikuwa kwenye chumba cha ndoo, anakamua tambara la kupigia deki.

"Senje, hii maji umeweka nini?"

"Maji."

"Na nini tena?"

Aliendelea kukamua. "Na ile dawa ilibakinga."

Alisogeza mafagio. Nyuma yake kulikuwa na mtungi wa plastiki, wa lita tano, wa njano, uliokuwa wa mafuta ya kupikia. Ulikuwa umejaa hadi shingoni.

"Si uliambiwa uimwage?"

"Naambiwanga. Kila mwisho wa mwezi naambiwa mwaga, na chupa iko nusu." Aliniangalia kama ninayemjaribu. "Sista, hapa nani anamwaganga dawa? Wewe mwenyewe unanituma niokote uzi kwa sakafu. Akiba haiozi."

"Na bakuli zote unaweka?"

"Naweka kidogo kidogo ifike mwezi ile ingine. Hata mwenzangu wa usiku namwachianga."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nimelirudia hilo jambo mara nyingi kichwani, nikifua, nikisubiri basi, na kila mara nafika mahali hapohapo, kwenye mlango wa chumba cha ndoo, na Senje anasubiri nimwambie kitu. Lakini mama kitandani aliita. Na mimi nilikuwa nimechoka, na kitanda cha pembeni, kile tulichokiweka kwa ajili ya homa, kilikuwa na msichana wa shule ya upili ambaye tulikuwa tunamzika kwa macho. Nikasema, "Funika mtungi," nikarudi kwa mgonjwa wangu. Nilimsafisha kwa maji yaleyale. Kwenye fomu kulikuwa na visanduku viwili, kimoja cha dawa na kimoja cha maji. Nikatia alama kwenye maji.

Nilijiambia kwamba nitamwona daktari Ijumaa. Ijumaa ilifika, daktari alikuwa Nairobi. Jumatatu alirudi, nikawa na zamu mbili mfululizo. Visingizio haviishi kwa mtu anayevitafuta. Kisha akaja msichana wa uzazi wa kwanza aliyekuwa ameshinda siku nzima nyumbani na maji yameshavunjika, amepimwa na mikono ya bibi wa kijijini ambayo haijui sabuni. Alikuwa na umri wa dada yangu. Nilikwenda mwenyewe chumba cha ndoo, nikasogeza mafagio, nikajimiminia, na si kidogo kidogo. Nilitia alama kwenye maji. Sikuhisi aibu. Nilihisi vile mtu anavyohisi akimpa mtoto wa jirani chakula wakati wa njaa. Siku ya saba kijana wa pikipiki alirudi na karatasi yake: mama mzima, mtoto ananyonya. Niliisoma mara mbili.

Basi ikawa hivyo. Sikumwambia nesi mwenzangu hata mmoja, ingawa baadaye niligundua wawili walijua na wao hawakuniambia mimi. Kila mtu alimlinda mwenzake na dhambi ambayo wote tulikuwa nayo. Miezi ya dawa ilipita, miezi ya maji ikapita, na kitanda cha pembeni kikaanza kukaa bila mtu. Kwanza wiki, halafu wiki tatu. Senje alikitandika upya kila Jumamosi, akalalamika kwamba shuka linachakaa kwa kufuliwa bure. Nilianza kulala nikirudi nyumbani. Mume wangu, aliyekuwa akifundisha useremala Sigalagala, aliniambia nimeanza tena kuimba nikikata mboga. Sikuwa nimejua kama niliacha.

Daktari ndiye aliyeona. Yeye alikuwa anaandika idadi za kila mwezi kwenye karatasi ya miraba, na siku moja alasiri akaniita ofisini. Mvua ya saa tisa ilikuwa imeshaanza, ile yetu ya Kakamega ambayo unaweza kurekebisha saa kwayo.

"Sista, nisaidie," akasema, akiigeuza karatasi ili niione. "Miezi ya dawa homa zimepungua, vizuri, tulitarajia. Lakini tazama hii miezi ya maji. Nayo inapungua. Inashuka pamoja na ile ya dawa. Wewe uko wodini kila siku. Kuna nini?"

Kisha akasubiri, kama kawaida yake.

Nilitazama ile karatasi. Nilijua jibu, lilikuwa nyuma ya mafagio, hatua arobaini kutoka pale. Kama ningelisema, angekuja na kulitupa, na mwezi uliofuata wa maji ungekuwa wa maji kweli, na ningewasafisha wanawake kwa maji matupu huku nikijua. Nikafungua mdomo nikasema, "Labda ni mikono, daktari. Siku hizi tunanawa sana."

Wakati uleule mvua ikageuka ya mawe, ikaanza kupiga bati, na daktari akaweka mkono sikioni. Ilibidi niurudie uongo wangu kwa sauti.

"Mikono! Tunanawa mikono zaidi tangu mje!"

Uso wake ulifunguka. Alisema hilo ni jambo zuri, hata profesa atafurahi. Akaliandika.

Miaka miwili ilitimia. Profesa alirudi kutoka kwao na matokeo, tukakutanishwa ukumbini, manesi, matroni, masista na watu wawili wa wizara. Tulipewa soda. Profesa alibandika karatasi ukutani yenye mistari miwili, mmoja wa miezi ya dawa na mmoja wa miezi ya maji. Ilikuwa inateremka pamoja, imeshikana kama ng'ombe wawili wa jembe moja. Alizungumza Kiingereza cha polepole. Alisema kwamba hospitali hii ina kila sababu ya kujivunia, kwa kuwa homa zimepungua sana, na kwamba zimepungua kwa sababu ya mikono yetu wenyewe. Ila kwa upande wa dawa, hesabu haionyeshi kwamba imeongeza chochote. Aliyesafishwa kwa dawa na aliyesafishwa kwa maji walifanana. Hivyo hataweza kuishauri wizara iinunue, na maboksi yaliyobaki yatapelekwa kwenye nchi nyingine inakofanyika kazi ya namna hii. Mtu wa wizara aliitikia kwa kichwa, akafunga daftari. Matroni akasema amina. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga.

Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia nikipiga yale makofi.

Nilimfuata profesa maabara. Alikuwa anafunga visahani vya kioo kwenye magazeti, daktari anaandika vibandiko. Nilifunga mlango, nikasema yote kwa Kiingereza changu cha hospitali: mtungi, mafagio, fomu, karatasi ya miraba. Nilipofika kwenye mikono, daktari aliacha kuandika.

"Tangu lini?" profesa akauliza.

"Mimi nimejua tangu mwaka wa kwanza. Lakini nafikiri ni tangu mwanzo."

"Zamu zote?"

"Mchana na usiku."

Aliomba kuuona mtungi. Niliubeba mwenyewe kupita uani, na hakuna aliyeniuliza ni wa nini, maana nani humuuliza nesi mtungi. Profesa alinusa, akavuta tone kwa mrija, akasema dawa iliyochanganywa na maji ikikaa muda mrefu huweza kuota viini yenyewe, na kama ni hivyo huenda tumewadhuru. Aliliweka tone lile kwenye kabati la joto. Siku mbili nilikwenda kazini nikiwa siwezi kula. Siku ya tatu aliniita akanionyesha kisahani. Hakikuwa kimeota chochote. Kilikuwa safi kama kilivyotoka kwenye boksi.

"Kwa hiyo ilikuwa bado dawa," nikasema.

"Ilikuwa dawa."

"Basi wote walisafishwa kwa dawa. Na homa zimepungua kwa wote. Si imeshinda?"

Aliketi kwenye kiti kirefu cha maabara. Macho yake yalikuwa mekundu, sijui kwa kukosa usingizi au vinginevyo. "Mimi naamini imeshinda," akasema. "Lakini naamini tu. Sina cha kuonyesha."

"Linganisha na zamani. Kabla hamjaja."

"Zamani ipi?" Hakuuliza kwa ubaya. "Nilikiangalia kitabu chenu cha zamani. Kimeandikwa waliojifungua na waliofia hapa ndani. Waliopata homa wakiwa nyumbani kwao hakuna aliyewaandika. Kabla ya yule kijana wa pikipiki hakuna aliyewahesabu."

Nilimfikiria dada yangu. Alifia nyumbani, kwenye kitanda cha mama mkwe wake. Hayumo kwenye kitabu cha hospitali yetu wala cha zahanati ile. Kwa hesabu yoyote iliyokuwapo duniani, dada yangu alijifungua salama akaenda nyumbani.

Daktari alikuwa amesimama dirishani muda wote huo. Nilitarajia anifokee, na ningeshukuru. "Ulikaa kwenye kiti changu," akasema, "nikakuuliza." Ni hayo tu. Jioni hiyo alianza kuandika barua za kueleza Nairobi na ng'ambo kwamba matokeo yasitumike. Niliomba wafanye upya, hata mwaka mmoja, nikaahidi nitalala wodini kulinda bakuli. Profesa akaniambia kwa upole kwamba waliowapa ruhusa na vifaa hawatoi mara mbili kwa watu waliokosea mara ya kwanza. Hakusema ni nani waliokosea. Matroni alinipa barua ya onyo, nikaisaini.

Siku ya kupakia gari, Senje alinikuta nyuma ya wodi, nimeketi kwenye benchi la kuanikia mabeseni. Vijana walikuwa wanabeba maboksi ya dawa kutoka stoo. Aliketi karibu nami, tukayatazama yakipita.

"Sista, hii dawa yetu si ilisaidia watu?"

"Ilisaidia, Senje."

"Sasa mbona wanachukua?"

Kwa mara ya kwanza nilimweleza. Nilimwambia kwa nini kulikuwa na mwezi wa dawa na mwezi wa maji, kwamba ilitakiwa tuone tofauti kati ya hao na hao, kwamba kumwaga ndiko kulikokuwa kunaleta tofauti, na kwamba wizara ilikuwa inangoja kuona tofauti hiyo ili ituletee dawa miaka yote. Hakuna mahali aliponikatiza. Maelezo yote yalinichukua muda mfupi kuliko kuchemsha sufuria moja ya maji, na alielewa mara moja.

"Kwa hivyo hao wa mwezi ya maji wangeugua," akasema, "ndio serekari ione."

"Wengine wangeugua. Ndiyo."

Alifikiri. Alikuwa na namna ya kukunja aproni yake magotini akifikiri, mkunjo juu ya mkunjo.

"Hiyo ni ngumu," akasema. "Hiyo ni ngumu sana, sista." Kisha akaongeza, "Lakini ningemwaga."

Nilimgeukia.

"Mimi nimezaa saba, nikazika wawili. Kama mngeniambia hii ya leo ni ya watoto ya kesho, ningemwaga yote. Ningemwaga nikilia lakini ningemwaga." Aliikunjua ile aproni, akailainisha kwa kiganja. "Mlienda hoteli siku tatu. Mimi nilikuwa hapa napiga deki. Mkarudi mkaniambia mwaga, hamkuniambia ni ya nini. Mimi sikuambiwa." Hakukuwa na ukali kwenye sauti yake, na hilo ndilo lililonimaliza. "Wewe uliambiwa."

Kisha kengele ya chumba cha kujifungulia ikalia, na yeye ndiye aliyeinuka kwanza, akaenda kupasha maji.